Masikio ya Fundi

Nianze na masikio, kwa sababu kila mtu alianzia hapo, na wengi waliishia hapo hapo. Yalikuwa yametogwa na kuvutwa tangu ujana wake, kama walivyofanya vijana wa rika lake upande wa Butiama, hata ndewe zikashuka zikakaribia kola ya shati. Akitembea ziliyumba. Akicheka zilicheza. Mtu aliyekutana naye mara ya kwanza pale Bunda alikuwa ameshamaliza kumjua kabla ya salamu: huyu ni mchunga ng'ombe, amekuja kuuza ndama, hajui kusoma, na huenda amepotea.

Mwenye masikio hayo alikuwa fundi wa injini bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na mimi nimewaona wengi. Nina diploma ya ufundi mitambo. Nimefanya kazi Tanga na Dar es Salaam, katika viwanda ambavyo karakana yake moja ingeweza kukimeza kinu chetu chote cha pamba. Sikusomeshwa na mjomba wala sikubebwa na mtu. Nimetoka Kibara, mtoto wa mvuvi, nikajisomesha kwa mikono hii, na nyumba yangu ya Kabasa yenye maji ndani haina tofali hata moja la kuombwa. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ninapomsifu sisukumwi na huruma. Najua kazi, na nikimwita mtu fundi ninajua ninachosema.

Nitamwita Fundi, na nafanya hivyo makusudi. Katika kinu kile alichokihudumia zaidi ya miaka ishirini, hapakuwa na karatasi hata moja iliyomwita hivyo. Kwenye daftari la wafanyakazi aliandikwa kibarua, mfagiaji wa chumba cha injini. Kila msimu wa pamba ulipokaribia alivaa shati lake la Jumapili, akaenda ofisini kuuliza kama cheo chake kimebadilishwa. Kila msimu aliambiwa arudi msimu ujao. Alitaka kitu kimoja tu: barua yenye mhuri inayosema kwamba yeye ni fundi wa injini ile. Hakuipata. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo natamani kumkamata mtu shati.

Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, kongwe, ndefu kama ng'ombe watatu waliosimama mkia kwa pua. Iliendesha mtaimbo mmoja mrefu chini ya sakafu, mtaimbo ukaendesha mikanda, na mikanda ikaendesha mashine zote za kuchambua pamba. Ikizimika, kila kitu kilikufa, na malori ya pamba yakapanga foleni hadi barabara kuu ya Musoma. Fundi hakuikaribia kabla ya kufanya jambo moja. Alizikunja ndewe zake, akazipandisha na kuzitundika juu ya masikio, moja huku na nyingine kule, zisije zikadakwa na mkanda. Halafu alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye bodi ya injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akafumba macho.

"Ngoja iseme," alisemaga.

Sisi tulingoja. Nilikuwa msaidizi mpya wa chumba cha injini, miaka ishirini na nne, nimemaliza kidato cha nne, najiona najua. Siku ya kwanza nilicheka. Fundi akafumbua jicho moja.

"We mla furu unacheka nini?"

"Hamna, mzee."

"Pistoni ya tatu. Ringi imekatika. Lete spana ya kumi na saba, na hayo meno yako yafunge, usije ukanitia harufu ya samaki kwenye injini."

Tukafungua pistoni ya tatu. Ringi ilikuwa imekatika vipande viwili. Miaka kadhaa baadaye, Tanga, niliona wataalamu wakitumia siku mbili na chombo cha kupima mtikisiko ili kupata jibu la aina ile. Moyoni nilikuwa nacheka.

Ilikuwa miaka ya shida. Wakubwa wanaijua: unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, foleni ya kila kitu, mtu anavaa shati hadi linakuwa wavu. Spea hazikuwepo kabisa. Barua za kuomba beringi zilikwenda na hazikurudi. Kinu kile hakikusimama miaka ile, na nataka ijulikane kwa nini. Fundi alichonga bushi za kushika nafasi ya beringi kwa mti mgumu, akazichemsha siku nzima katika mafuta ya ng'ombe hadi mti ukashiba, akazipachika kwenye mashine za kusukuma mbegu. Zilidumu msimu mzima. Alikata gasketi za pampu ya maji kwa ngozi ya ng'ombe dume. Alitoka kwa watu wa ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyekiokoa kile kinu. Lakini waulize waliokuwa ofisini, watakuambia kinu kiliokolewa na Msimamizi.

Huyu Msimamizi alikaa Nyasho, Musoma, akija kazini kwa gari la kiwanda. Sina ugomvi na Musoma. Ugomvi wangu ni na ovaroli yake. Ilikuwa ya buluu, safi, imepigwa pasi, na kalamu tatu mfukoni. Anayeijua kazi ya injini akimwona mtu na ovaroli safi katikati ya msimu anajua mara moja kwamba mtu huyo hajagusa kitu. Lakini ile ilikuwa miaka isiyo na sabuni. Watu walifua kwa majani na majivu. Aliyekuwa na nguo safi alikuwa na sabuni, aliyekuwa na sabuni alikuwa na mtu mahali fulani, na mwenye mtu mahali fulani aliogopwa. Basi watu wakaichukua sabuni wakaifanya elimu. Walimwona anang'aa, wakasema huyu ndiye mtaalamu.

Siku moja walikuja wageni wa serikali kutoka Musoma, msafara mzima, kuona jinsi kinu kinavyojitegemea wakati vinu vingine vimekufa. Fundi alikuwa chini ya injini tangu alfajiri. Alitoka mweusi kwa oili kuanzia kifuani, masikio yametundikwa juu, bisibisi mkononi. Kiongozi wa msafara akampita, akamshika mkono Msimamizi, akaushikilia muda mrefu.

"Hongera sana, bwana. Hizi bushi za mti ni ubunifu wa hali ya juu. Umezisomea wapi?"

Msimamizi akatabasamu. "Ni kujituma tu, mheshimiwa. Mtu unaumiza kichwa."

Halafu yule kiongozi akageuka, akamwona Fundi karibu na mkanda. Akamwambia kwa upole kabisa, upole ambao hadi leo unanichoma kuliko tusi:

"Mzee, sogea nyuma kidogo. Hii ni mashine, itakuumiza."

Fundi akasogea. Ndiyo, alisogea! Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya oili, na nakiri nilitamani kuimwaga kwenye viatu vya mtu. Wageni walipoondoka nilimgeukia.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba bushi ni zako!"

Akazishusha ndewe zake taratibu, kwanza moja, halafu nyingine. "Angeniangalia masikio wakati naongea," akasema. "Mtu akiangalia masikio yako hasikii mdomo wako. Wewe bado mtoto, hujaangaliwa vya kutosha."

Hata kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa Mkristo aliyebatizwa, anajua kusoma vizuri, alijifunzia darasa la ubatizo, na alikuwa na sauti nzito ambayo kwaya nzima iliiegemea. Siku kwaya ilipopigwa picha walimwomba asimame nyuma ya mtu mrefu. Niliiona picha ile. Linaonekana bega lake tu.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, na maarifa aliyatoa kwa kijiko. Niliwahi kumuuliza jambo moja la nozeli mara tano, akanijibu mara ya tano kwa sababu nilimletea sato aliyekaushwa vizuri. Watu wa ziwani alitudharau waziwazi. Alisemaga kwamba mtu anayekula kitu chenye miba hawezi kuwa na akili ya haraka, maana nusu ya akili iko kooni inalinda. Nami nilimjibu kwamba anayelala na ndama hawezi kunukia hata akitumbukizwa ziwani. Tulicheka. Na katika jambo hili hili ninaloliandika kwa hasira, naye alikuwa na kosa lake. Zahanati ililetewa mganga mpya, binti mdogo aliyesuka nywele, Fundi akakataa kuonyesha mguu wake uliovimba. "Huyu mtoto atanitibu nini? Hebu muone!" Mguu ulipozidi, binti yule ndiye aliyeupasua na kuuponya. Baada ya hapo alimpelekea maziwa kila Jumamosi, lakini hakuwahi kusema alikosea.

Nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, palikuwa pasafi kuliko ofisi ya Msimamizi. Uwanja ulifagiliwa, vyombo vilipangwa kwenye kichanja kwa ukubwa. Oili aliiacha kazini. Nani alijua? Hakuna aliyemtembelea isipokuwa mimi.

Kisha nikaondoka. Nilipata nafasi ya chuo, nikaifuata diploma yangu, nikabaki huko mbali miaka karibu kumi. Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nilisimuliwa na Mama Uji, aliyeuza uji getini mwa kinu tangu enzi zangu, na ambaye hakuwahi kuniongopea hata kuhusu ukubwa wa kikombe.

Ilikuja ile miaka ya ruksa. Mitumba ikafunguliwa, sabuni ikajaa madukani, na kila mtu akawa safi. Ungedhani sasa watu watatazamana vizuri, kwa kuwa ovaroli safi haikuwa tena ajabu. Hapana. Kinu kikaambiwa kipunguze watu kabla ya kuuzwa, ikaundwa kamati, na kila mfanyakazi akaitwa mbele yake na picha mbili ndogo za kubandika kwenye faili. Fundi akaenda na picha zake. Mmoja wa kamati akazitazama, akampitishia mwenzake, wakacheka.

"Mzee, hii picha ni ya kuuzia watalii au ya kazi?"

Wakamwambia wanunuzi wanaokuja ni watu wa kisasa, faili lazima liwe la kisasa, arudi baada ya mwezi wamfikirie. Walitania, nadhani. Watu wa aina ile hawajui kwamba utani wao mtu anaweza kuondoka nao nyumbani akaufanya amri. Fundi alikwenda hospitali ya misheni, akamwambia daktari amkate zile ndewe na kumshona.

"Nilimwona akirudi," Mama Uji aliniambia. "Kichwa kimefungwa bandeji kama aliyepigwa. Nikamwambia, baba, umefanya nini? Akasema, nimejirekebishia faili. Mwanangu, nilishindwa kukoroga uji."

Mwezi ulipokwisha alirudi na picha mpya, masikio mafupi, nyuzi ndiyo kwanza zimetoka. Kamati ikafungua daftari. Kibarua, mfagiaji wa chumba cha injini. Wafagiaji wote walikuwa wamepunguzwa wiki mbili kabla. Hakuna hata aliyeitazama picha. Msimamizi alibaki, akaandikwa Fundi Mkuu, na kabla ya mwaka kwisha injini ikafa mikononi mwake na haikuwaka tena.

Misimu mitatu baadaye kinu kilinunuliwa na tajiri mmoja, na tajiri huyo alinitafuta mimi. Sikumtafuta yeye. Nilirudi Bunda nikiwa meneja wa mitambo, na sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba nichague watu wangu mwenyewe, kwa sababu najua kumtambua fundi. Ndivyo nilivyomwambia. Niliwaagiza watu wamtafute mzee mwenye masikio marefu. Wakarudi wakasema hayupo, ameshahama. Mama Uji naye alikuwa Musoma akimuuguza dadaye, kwa hiyo habari za hospitali zilikuwa bado hazijanifikia.

Siku ya usaili niliweka meza getini. Walijipanga watu kama arobaini. Niliwaangalia mikono. Niliangalia kucha, niliangalia makovu, nikawapita haraka wale waliokuja wamependeza, kwa sababu mimi sikuwa kamati ile, mimi ovaroli safi hainidanganyi. Akafika mzee mmoja ndani ya suti ya kijivu ya mtumba, imemkaa vizuri, viatu vinang'aa, miwani machoni. Akavua kofia, akasimama. Alinitazama tu, kana kwamba zamu ya kusema ni yangu.

Niliangalia viatu. Nikasema, na watu wote walisikia, na wengine walicheka kwa kujipendekeza kwangu mimi meneja:

"Mzee wangu, hapa tunatafuta fundi. Harusi iko kanisani."

Akavaa kofia. "Haya, bwana mkubwa," akasema taratibu, akaondoka.

Mama Uji alirudi juma lililofuata, akaweka sufuria yake mahali pake, na nilipomwendea kwa furaha hakunimiminia uji. Alinisimulia yote niliyoyaandika hapo juu, ya kamati na ya bandeji, akamalizia:

"Na suti ile aliinunua aliposikia meneja ni wewe. Alinipitia Musoma akasema, nikienda kwa yule kijana niende kama mtu. Halafu nasikia ukamtuma harusini."

Nimewahi kuchomwa na mvuke wa injini. Haukuuma vile.

Nilikwenda kwa tajiri, nikamwomba atie sahihi barua. Niliichapa mwenyewe: Fundi Mkuu wa Injini, jina lake kamili, sahihi, mhuri. Nikaingia kwenye gari hadi Butiama, alikoniambia Mama Uji. Nikamkuta sokoni kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, kaptura kuukuu, unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameizima mashine ili akaze mkanda. Nje na ndani wanawake walipanga ndoo za udaga wa mihogo na mtama. Masikio yake yalikuwa madogo, na pale chini palikuwa na kovu jembamba, nadhifu, kazi ya daktari mzuri.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo umenijua?"

"Nilikosea. Nisamehe. Lakini, Fundi, kwa nini hukusema? Ungeniita mla furu tu, ningekujua hapo hapo!"

"Nilikwenda kutafuta kazi," akasema, akiendelea kukaza mkanda. "Sikwenda kutega kitendawili."

Nikampa barua. Akajifuta mikono kwenye kaptura, akaishika mbali na macho, akaisoma yote, hadi kwenye mhuri. Aliposoma cheo, midomo yake ilitikisika kidogo bila sauti. Nikajua nimeshinda. Mimi nimezoea kushinda.

Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Ofisini walitaka masikio, nikawakatia. Daktari aliniuliza mara mbili, mzee una uhakika? Ndugu zangu wa rika walinipita njiani siku ya kwanza, hawakunijua. Nikaja kwako na suti, ukanikataa kwa suti. Sasa nikija na hiyo karatasi, na wewe kesho ukaondoka, akaja mwingine. Huyo atataka nibadilishe nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye nimejibu maswali ya wazungu mbele ya bodi, swali hilo nililikwepa. Nilisema mambo ya nyumba ya kiwanda, ya mkataba, na nikasikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa naongea kama Msimamizi.

Nyuma yangu mama mmoja aliyejitwika ndoo alipoteza uvumilivu.

"We baba mwenye kalamu, hebu pisha hapo mlangoni! Unatuzibia fundi."

"Fundi, tuwashie bwana, watoto hawajala!" akadakia mwingine.

"Nawawashia, mama," alijibu, na hakunitazama tena. Aliweka kiganja juu ya mashine, akainamisha kichwa kidogo, akazungusha hendeli. Ikawaka mara ya kwanza.

Nikapisha. Nilisimama juani na barua yangu mkononi, nimevaa vizuri, na wale wanawake wakanipita mmoja mmoja na ndoo zao, wakimwambia yeye shikamoo.